Gitaa la Mashoto

Lusajo alikigeuza kiolezo chake cha plaiwudi, akakibana kwenye ubao wa mninga. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatengeneza gitaa la mtu wa mashoto. Msumeno aliouunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia ulikuwa pembeni, umefunikwa gunia. Hakuuwasha tena tangu ulipomkata shemeji yake, Anyosisye, vidole viwili vya mkono wa kushoto siku alipokuja kumsaidia kazi. Gitaa hili alilikata kwa msumeno wa mkono, wiki tatu nzima.

Lilipokamilika, akamwita. Anyosisye, aliyekuwa mpiga solo wa bendi ya mji, alilitazama na kuelewa papo hapo.

"Unataka nianze upya, shemeji? Mkono wangu wa kulia haujui kubonyeza nyuzi."

"Sikutaka uache muziki."

"Ni kwa ajili yangu, au ni wewe unayetaka kupata usingizi?"

Lusajo aliinamisha kichwa. "Ni mimi pia," akasema.

Anyosisye akalipakata gitaa, akachomeka waya kwenye spika. Akaubana ukucha wa kupigia kwa kidole gumba na kile cha pete, vilivyobaki mkono wa kushoto. Vidole vya kulia vikapapasa shingo ya gitaa kama vya mtoto. Sauti ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ikapotea njia. Lusajo alisimama mlangoni, hathubutu kuondoka wala kusogea karibu, na Anyosisye akairudia ile ya kwanza.