Sahani ya Jirani

"Mwalimu, nimekuja kuchukua sahani yetu," alisema binti wa jirani, kasimama nje ya kizingiti. Siku zote huingia moja kwa moja, hodi ikimfuata nyuma.

Nadra alijua kwa nini. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka asubuhi. Mtihani wenyewe binti aliufanya vizuri. Kilichomwangusha ni alama za darasani, zile ambazo mwalimu hupeleka mapema zikachanganywa na za mtihani. Walimu wenzake huzinenepesha. "Ongeza kidogo, wote wanaongeza," walimwambia. Yeye alipeleka zile zile alizosahihisha, na binti akakosa daraja la kuendelea na masomo kwa alama mbili.

Akaenda jikoni. Sahani ilikuwa ya udongo, ina ua la buluu na ukingo uliomeguka. Miaka yote aliyokaa peke yake hapa mtaa wa Malindi, ilikuja na biriani la Ijumaa ikarudi na chochote, hata ndizi mbili, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Akafungua kopo la visheti.

"Mwalimu!" binti aliita kutoka mlangoni. "Mama kasema usitie kitu."

Nadra alikuwa keshatia. Akavitoa, kisheti kimoja kimoja, akaifuta sukari kwa upindo wa kanga mpaka ua likang'ara.

Binti akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa adabu zote, kisha akaurudishia mlango.