Pua ya Jikoni

Serikali hulipia chakula cha shule, miwani na mwalimu wa ziada kwa mtoto ambaye jikoni kwao hakunuki nyama. Pua yenyewe, kifaa chao cha kunusa, imefungwa juu ya jiko letu, inanusa kutwa kucha. Mume wangu alipofariki niliikubali bila kujiuliza, maana binti yetu Nyamizi alikuwa haoni ubao.

Jumamosi bibi yake akaja na jogoo.

"Mama, huyo hapikwi hapa," nikamwambia.

"Mjukuu wangu ale mchicha mpaka lini?"

"Mpaka amalize darasa la saba."

Akacheka, akasema pua hiyo ingemkuta yeye ujanani, kwa nyama alizokuwa akipika, ingepiga chafya. Tukampika jogoo kwa Mama Kulwa, jirani asiyefungiwa pua. Nyamizi alikula mapaja yote mawili, nami sikumkataza.

Tukiwa njiani kurudi, simu ikalia kwa ujumbe wa serikali: msaada utaendelea hadi mwakani. Nilimkumbatia mama mkwe wangu palepale barabarani.

Mlangoni Nyamizi aligoma kuingia. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, mashavu yamevimba.

"Pumua, mwanangu. Tumeshapita."

Akatikisa kichwa, akaniashiria nimletee kwanza maji hapo nje, asukutue.