Visanduku vya "Ilipoishia"

Gundi ndiyo iliyomvutia kwanza. Ilikuwa imekauka ikawa njano, na kila aliponyanyua ukurasa, kisanduku cha picha kilichobandikwa juu yake kilibanduka chenyewe kikaanguka mezani.

Wenzake ofisini walimwita Kimya. Shule aliishia darasa la nne, mwaka alioondoka nyumbani, lakini kwa kusafisha kurasa za zamani hakuwa na mpinzani. Alizipitisha kwenye skana, akafuta madoa ya chai na alama za vidole, mpaka wino ukarudi mweusi kama umechorwa jana. Kazi hii ya Mpelelezi Kobe aliiomba mwenyewe. Mhariri alishangaa, maana Kimya hakuwahi kuomba kitu, hata likizo.

Mpelelezi Kobe ilikuwa katuni ya gazetini. Ilitoka kila Jumamosi kwa mwaka mzima, ukurasa mmoja mmoja, miaka kumi na tatu iliyopita. Sasa ilikuwa inakusanywa kuwa kitabu. Kila ukurasa, isipokuwa wa kwanza, ulianza na kile kisanduku kilichoandikwa "Ilipoishia": picha ya mwisho ya wiki iliyopita, imechorwa upya ili msomaji akumbuke.

"Tunavitoa vyote," alisema mhariri, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. "Unamwambia mtu ilipoishia, na yeye ndiyo kwanza anatoka huko! Halafu mtambo wa kuchapa unataka kurasa zigawike kwa kumi na sita. Tukivitoa tunaingia sawasawa."

"Mimi nilishavitoa moyoni," alisema mpanga kurasa. "Mistari inatetemeka. Mkono wa mtu mwenye homa."

Kimya alikuwa amevibandika ubaoni kimoja baada ya kingine, vyote hamsini na kimoja.

Ukivitazama hivyo, Kobe unamsahau. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke, mdogo kama kidole, ambaye kwenye kurasa zenyewe hayupo. Wiki ya tisa ameshika shavu. Wiki ya kumi na nne jicho moja limefunikwa kitambaa. Wiki ya ishirini mkono umening'inizwa shingoni. Wiki ya thelathini zinaonekana nyayo zake tu, mlangoni, amelala sakafuni. Wiki ya thelathini na moja hayupo, na kona ya chumba, iliyokuwa ya udongo, imepigwa saruji.

Visanduku vilivyobaki vilikuwa na kona ile tu.

"Kumbe mzee alikuwa anachora hadithi mbili kwa wino mmoja," alisema mpanga kurasa, akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Vinaweza kuwekwa mwisho," alisema Kimya. "Vyote pamoja. Bila maneno."

"Jamani, Kimya kasema! Fungeni madirisha, mvua hiyo." Mhariri alisogea ubaoni akavipitia kimoja kimoja. Sauti yake ilishuka. "Mwenyewe anakuja kesho. Tutamuuliza. Akikataa, vinatoka. Jina lake ndilo liko kwenye jalada."

Kimya alijua maana ya kukataa. Gazeti lilishakufa, na stoo yake ililiwa na mchwa. Karatasi hizi alizileta mzee mwenyewe ndani ya boksi. Visanduku visipoingia kitabuni, boksi lingerudi kwake, naye angelifanya atakavyo.

Mzee alifika saa nne, miwani minene, koti limepigwa pasi. Aliitikia shikamoo za watu wote kwa pamoja, akampa mkono kila mmoja bila kumtazama usoni. Kimya alimsogezea kiti. Mhariri akamsomea dibaji kwa sauti.

"'Mwaka ule mke wangu alinitoroka akamfuata mwanamume mwingine, lakini sikukosa wiki hata moja. Kila mstari humu ni wa mkono wangu.' Hapa watu watalia, mzee wangu."

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Ndivyo ilivyokuwa."

"Sasa na hivi?"

Mzee alikwenda ubaoni, pua ikakaribia kugusa karatasi. Alianza cha kwanza, akitabasamu, midomo ikisoma polepole. Kwenye cha wiki ya kumi na nne tabasamu lilikwisha. Kwenye cha wiki ya thelathini alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Hivi toeni," alisema. "Ni marudio tu. Nilikuwa navibandika asubuhi, mbiombio, njiani kwenda mtamboni. Hata kuvitazama sikuvitazama."

"Na huyu mwanamke?"

"Hakuna mwanamke hapo. Vivuli tu." Alikuwa ameanza kuvibandua kwa kucha. "Na karatasi zangu nazitaka leo hii. Zote."

Mhariri alimtazama, akamtazama mpanga kurasa, akashusha pumzi. Kisha akachukua kalamu akapiga mstari kwenye orodha yake. "Haya. Vinatoka."

Mzee alijaza boksi, akalibana kwapani, akageuka kuondoka. Kimya alikuwa amesimama mlangoni.

"Nipishe, bibie."

Hakumpisha. Alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Ndipo mzee alipolazimika kumwangalia usoni, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Ulikuwa unaniachia mimi nivichore, baba, ili wewe ulale," alisema Kimya. "Nilikuwa na miaka tisa. Mama hakututoroka."