Noti ya Mwisho ya Kanini

Mzee wa kanisa aliinua viganja vyake, na wimbo wa binti yangu ulikuwa haujaisha.

Mimi sisahau. Pasaka iliyopita, hapa hapa Gatongora, Kanini alinyamaza kidogo tu kwenye piano, mzee huyo akapaza sauti, "Amina!" Mchungaji akatufungia kwa maombi. Mtoto alilia mpaka Jumatatu.

Leo Kanini alitueleza kwanza. "Wimbo huu ni usiku. Mkono wa kushoto ni usiku ukipumua. Wa kulia ni mtu anayekataa kulala. Nikinyamaza, jueni amelala. Tafadhali msimwamshe, noti ya mwisho iko bado."

Maelezo gani tena yanahitajika? Lakini wakubwa wa nchi hii hawafundishiki!

Sasa piano ilikuwa imenyamaza, kidole kidogo cha Kanini kikining'inia juu yake. Kanisa zima lilishika pumzi. Viganja vya mzee vikazidi kupanda.

"Wewe mzee, ngoja!" nilinguruma kutoka mlangoni. "Mmetukatiza tangu uhuru!"

Watoto wachanga wakaangua kilio. Watu wote waligeuka kunitazama, naye mzee pia. Alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, Amina isimtoroke.

"Baba," akasema Kanini, kidole kikiwa bado hewani, "ameamka."