Waya wa Zahanati

Wingu jeusi lilipotanda juu ya zahanati, Makungu alikuwa ukutani akirudisha waya wa shaba alioukata mwenyewe. Waya huo ulishuka kutoka paani hadi ardhini kuikinga wodi ya wazazi na radi; yeye akauona unafaa kuanikia nguo. Na kweli, suruali zake hazikuwahi kuning'inia mahali pa heshima namna ile.

Muuguzi Tausi akachungulia dirishani. "Shemeji, nguo zimeshakauka?"

"Utanisema baadaye. Mtoe mke wangu humo."

"Mtoto yuko njiani. Nimtoeje, nimkunje kama shuka?"

Ngurumo ikatikisa vioo. Ndani, mkewe akapiga ukelele. Makungu akavuta ncha mbili za waya, lakini mafundo ya kuanikia yalikuwa yameufupisha. Pengo la kiganja likabaki.

Akaibana ncha ya juu kwa plaizi yake ya chuma, ya chini akaizungushia mpini. Kila alipoiachia, plaizi ilifunguka.

"Ondoka hapo, baba," Tausi akasema, safari hii bila utani.

Vinyweleo vya mikono vikamsimama. Makungu akaikamata plaizi kwa mikono miwili, akafumba macho, akasikiliza kama mtoto amelia.