Matundu ya Mkanda

Siku ya kilele cha kampeni ya kupunguza unene, mji mzima uliitwa uwanjani kupimwa kwenye mizani ya kuning'inia, ile ya kupimia magunia ya pamba. Kila aliyepungua alipigiwa vigelegele. Mzee Ndaro ndiye aliyepungua kuliko wote, basi mkuu wa mji akamwita jukwaani, akamvisha shada la maua na kumwekea mfuko wa unga miguuni.

"Tuambie siri yako, mzee wetu. Picha yako tutaibandika kila ukuta."

Ndaro akautazama ule unga. Kwake jiko lilikuwa baridi tangu jana. Kisha akavua mkanda, suruali akaishikilia kwa mkono mmoja.

"Tundu hili nililitoboa kwa msumari zahanati yenu ilipokosa dawa, mke wangu kalazwa sakafuni. Hili, tulipomzika. Haya mengine ni ya kula peke yangu, siku nikikumbuka kula. Siri ndiyo hiyo."

"Mzee, leo ni sherehe," mkuu akamnong'oneza. "Chukua unga wako ushuke."

"Nashuka. Ila wewe hukupimwa." Akamnyooshea mkanda. "Jifunge, watu wakuone."

Watu walikuwa wakitazama. Mkuu akajichekesha, akauzungusha kiunoni. Ncha zake hazikukutana. Mama mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Ndaro akalivua shada, akalitundika kwenye ndoano ya mizani, akashuka bila unga. Akapita katikati ya watu ameishikilia suruali yake, mgongo umenyooka. Nyuma yake, mshale wa mizani ulikuwa bado unatikisika.