Nilivyokufa kwa Niaba ya Kaka

Kwa kuwa nalingana kimo na marehemu kaka yangu, mahakama ilinipa heshima kubwa ya kufa badala yake. Nilikufa mara mbili kabla ya chai ya saa nne.

Daktari wa serikali aliniinamisha kama fahali mwenye hasira. "Alikuwa anamvamia askari," akasema, akinidonoa kifuani kwa kalamu. "Risasi iliingia hapa."

Daktari wetu alinipigisha magoti, mikono kichwani. Kalamu yake ilitua mgongoni, baridi. "Iliingia hapa. Kijana alikuwa ameshajisalimisha."

"Wasomi wawili, maiti mmoja," hakimu akaguna, akavua miwani na kuanza kuifuta. "Sasa nimwamini nani? Afande, hebu simama pale uliposimama siku ile."

Nilibaki magotini. Afande aliyempiga kaka risasi akaja, viatu vinameta. Akawapita madaktari, akanipita na mimi, akasimama nyuma yangu. Hakusita hata kidogo. Nikasikia pumzi zake kisogoni.

Mama, kwenye benchi la mbele, akaziba mdomo kwa mtandio.

Wakili wa polisi akakohoa. Vile viatu vikanizunguka polepole, vikaja kutulia mbele yangu.

Hakimu akavaa miwani. "Ni hapo hasa, afande?"

"Hapo hapo, mheshimiwa."

"Mheshimiwa, kwanza alisimama nyuma," nikasema.

"Kijana, wewe hapa ni maiti," hakimu akanikatiza. "Maiti hasemi."

Askari wenzake afande wakacheka. Mama akasimama.